Mpelelezi wa bima ya gari akifika Kigoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bima wakituma mpelelezi, ujue wameshaamua kutolipa."

Hapana. Yapo madai ambayo kampuni huyachunguza karibu kila mara: bima iliyokatwa siku chache kabla ya ajali, ajali ya usiku isiyo na shahidi, gari lililoungua au kuharibika kabisa, taarifa iliyochelewa, maelezo ya dereva yasiyolingana na ya polisi. Mtu mkweli anaweza kuangukia humo bila kosa lolote.

Wanaokuja pia si wa kazi moja. Mtathmini wa hasara hupima uharibifu na gharama ya matengenezo. Mpelelezi hutafuta ajali ilivyotokea, nani alikuwa kwenye usukani na gari lilikuwa kwenye shughuli gani. Kabla ya kumjibu, omba kitambulisho na barua ya kumtuma, kisha ipigie kampuni simu uthibitishe.

"Mpelelezi ni kama polisi." "Si polisi, usimjibu."

Zote mbili zinaumiza. Hana mamlaka ya kukukamata wala kukunyang'anya simu. Lakini mkataba wa bima kwa kawaida unakudai ushirikiano, na kukataa kuhojiwa kunaipa kampuni sababu ya kukunyima fidia.

Jibu unachokijua. Ukiulizwa mwendo na hukutazama dashibodi, sema hukutazama. Wengi hubahatisha "themanini", halafu kule polisi imeandikwa sitini, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa barua ya maswali. Maelezo yakiandikwa kwa Kiingereza usichokielewa, usitie saini. Omba yaandikwe kwa Kiswahili. Soma kila ukurasa, sahihisha palipokosewa, weka saini ndogo kando ya sahihisho, na ubaki na nakala.

"Gari ni langu na bima ni kubwa, kwa hiyo nitalipwa tu."

Bima kubwa hulipia hata gari lako mwenyewe, lakini hapa ndipo watu wengi wa mikoa yetu wanapoanguka. Probox au Noah iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, ikakutwa na abiria waliolipa nauli kwenda Kasulu au Uvinza, imetoka nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba. Mpelelezi hahitaji ujanja kulijua hilo: anawauliza majeruhi walilipa nauli kiasi gani, na anapita stendi. Kama gari linafanya kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria kwa nauli, ukweli huo ulipaswa kuelezwa siku ya kukata bima, hata kama ada ingepanda. Kumfundisha abiria aseme "ni shemeji yangu" baada ya ajali ni udanganyifu, na unaweza kuliua dai lote, pamoja na sehemu ambayo ingelipwa.

Leseni ni hivyohivyo: daraja lake liendane na gari, na leseni yenyewe iwe imelipiwa. Kama gari umelinunua kwa mtu na kadi bado ina jina lake, usidhani bima yake imekufuata. Stika ya bima nayo ihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, siku unayolipa, kwa sababu kugundua stika bandia baada ya ajali hakusaidii kitu.

"Tengeneza kwanza, risiti utapeleka baadaye."

Usifanye hivyo. Mtathmini akikuta bampa jipya hana cha kupima. Anaweza kutoka Mwanza au Dar es Salaam na kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo ushahidi utunze wewe. Kabla gari halijasogezwa, kama ni salama, piga picha za pembe nne za gari, namba ya usajili, namba ya chesisi, kilomita kwenye dashibodi, alama za matairi na vioo vilivyotapakaa, na barabara kwa pande zote mbili ukisimama mbali kidogo. Alama za breki kwenye vumbi hufutwa na mvua moja.

Gari likivutwa hadi kituoni au gereji, andika orodha ya vilivyomo: betri, redio, tairi ya akiba, jeki. Anayelipokea aisaini. Kinachoibwa uani baadaye si hasara ya ajali, na mtathmini atakiondoa kwenye hesabu. Tenganisha waya za betri, funika kioo kilichovunjika, tunza risiti ya kuvuta gari. Vipuri vilivyoharibika visitupwe wala kuuzwa kama chuma chakavu hadi kampuni iruhusu kwa maandishi.

"Tumalizane hapahapa, bima itanirudishia."

Mikataba mingi inakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Msaidie majeruhi, apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na atibiwe, ripoti ajali polisi, ila karatasi ya makubaliano usiitie saini. Anayegonga akiwa na bima ndogo akumbuke pia kuwa hiyo inalipa madhara ya mtu mwingine. Gari lake atalitengeneza mwenyewe.

"Nitalipwa thamani niliyoandika."

Gari likiharibika kabisa, mikataba mingi hulipa bei ya soko kabla ya ajali, isizidi kiasi kilichokatiwa bima. Ukiandika pungufu ili ada ishuke, kanuni ya uwiano inaweza kukubana: gari la shilingi milioni 20 lililokatiwa bima ya milioni 10 likipata hasara ya milioni 4, unaweza kupewa milioni 2, bado hawajatoa sehemu unayochangia mwenyewe katika kila dai.

"Wakikataa, imeisha."

Dai barua ya kukataliwa inayotaja kifungu cha mkataba. Maneno ya kwenye simu hayatoshi. Jibu kwa barua, ukiambatanisha ripoti ya polisi, picha na maelezo yako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wasipobadili uamuzi, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wakikuletea hati ya kumaliza dai yenye kiasi usichokubali, usiisaini kwa kudhani utadai kilichobaki baadaye: kwa kawaida hati hiyo inasema umeridhika na huna dai jingine.