"Moment" haikuwa sekunde 90 kamili

Husemwa sana kwamba neno la Kiingereza "moment" zamani lilikuwa na maana ya sekunde 90 kamili. Ni nusu ya ukweli. Bede, mtawa wa Jarrow, Uingereza, aliandika mwaka 725, kwa Kilatini, kwamba saa ina momenti 40. Dakika 60 gawanya kwa 40, hiyo dakika moja na nusu. Shida ni saa yenyewe: kwa kawaida mchana uligawanywa mafungu 12 tangu macheo hadi machweo (Mswahili hapa hashangai), uwe mrefu au mfupi. Jarrow, mchana wa Juni unapita saa 17 za kisasa. Wa Desemba ni kama saa 7 tu. Kwa hiyo momenti ya Juni ilizidi dakika mbili, ya Desemba haikufika hata moja.