Je, wajua? Nyota iliyozimika huweza kulipuka

Usiku barazani Mji wa Kale, Mombasa, muuza kahawa hupuliza makaa yaliyo chini ya dele lake. Yakishakuwa jivu, basi. Jivu halimtishi mtu. Angani sivyo. Ziko nyota zilizokwisha moto wake zamani, na bado zaweza kulipuka zikang'aa kuliko Jua mara bilioni kadhaa.

Huitwa vibete vyeupe. Nyota mfano wa Jua ikimaliza hidrojeni na heli ya kuchoma, hupoteza matabaka yake ya nje, kikabaki kiini cha kaboni na oksijeni. Kiini hicho kina ukubwa wa Dunia lakini uzito unaokaribia wa Jua. Kijiko chake kimoja ni tani kadhaa. Kinachokizuia kisiporomoke ni elektroni, zilizosongamana kama abiria wa feri ya Likoni asubuhi: hapana pa kusogea tena.

Uvumilivu huo una mpaka. Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa miaka 19 aliyekuwa melini akitoka India kwenda kusoma Uingereza, alianza hesabu zilizokuja kuonyesha kwamba kibete hakihimili zaidi ya takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua.

Mzigo ukikaribia mpaka huo, kaboni ya ndani husongwa hadi ikashika moto. Nani basi hukiongezea mzigo? Hapo wanaastronomia wangali wakivutana. Wengine husema kibete hunyonya gesi ya nyota jirani. Wengine, vibete viwili huzungukana hadi vikagongana. Mwaka 2011 kimoja kilionekana kikilipuka katika galaksi ya M101, na picha za zamani za mahali pale hazikuonyesha nyota jirani kubwa nyekundu ya kunyonywa. Kwa mlipuko huo, mimi naegemea vibete viwili.

Jua likizidi joto ndani hutanuka, likapoa. Kibete hakina adabu hiyo. Kaboni ikishika moto hakitanuki kwa wakati, joto huchochea moto, moto huzidisha joto, na kwa sekunde chache chote hutawanyika. Hubaki nikeli nyingi, ambayo hugeuka kobalti, kisha chuma.

Mlipuko wa namna hiyo ulionekana kwa macho matupu Oktoba 1604, na mwanaastronomia Johannes Kepler akauandikia kitabu. Fort Jesus ilikuwa na miaka 11 tangu ianze kujengwa. Aliyepanda ukutani jioni akatazama magharibi angeiona nyota hiyo ngeni, huku ameegemea mzinga ambao sehemu kubwa ya chuma chake ilipikwa katika milipuko kama ule.