apt-get upgrade kwenye cron haitoshi

Jamani, tulimalize hili. Kila nikikutana na mtu anayeendesha seva yake mwenyewe ya Debian (aina ya Linux), naambiwa: "Mimi niko salama, nina skripti, kila usiku cron inaendesha `apt-get upgrade -y`." Hauko salama. (cron ni programu ya kuendesha amri kwa ratiba; `apt-get upgrade` inasasisha vifurushi, yaani programu zilizosakinishwa.)

Yanayojulikana nayapitia haraka. Weka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive`, la sivyo skripti itakwama ikisubiri jibu lako. Weka `/sbin` na `/usr/sbin` kwenye PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), maana crontab ya mtumiaji haiziweki na dpkg, programu ambayo apt huitumia kusakinisha, inazihitaji. Tumia flock, ili skripti isiendeshwe mara mbili kwa wakati mmoja. Kontena za Docker (programu zilizofungashwa na kutengwa na mfumo) hazimo humu kabisa, apt haizigusi.

Sasa linaloniudhi. apt inabadilisha mafaili yaliyo kwenye diski. Nginx (programu ya seva ya wavuti) iliyowashwa mwezi uliopita ilishapakia OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) kwenye kumbukumbu, na itaendelea kutumia nakala ile ile hata kama faili lake limeshafutwa, kwa sababu Linux hailiachii faili ambalo bado kuna mchakato unalishikilia. Aprili 2014, Heartbleed, kasoro ya usalama ya OpenSSL, ilipotangazwa, aliyesakinisha OpenSSL iliyorekebishwa bila kuwasha upya huduma zake alibaki na tundu lile lile, huku dpkg ikimwonyesha toleo jipya. Sakinisha needrestart, inayotafuta huduma zinazohitaji kuwashwa upya, kisha malizia skripti yako na `needrestart -r a`.

Kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ndiyo mbaya zaidi. Kwa Debian, kerneli mpya mara nyingi huja kama kifurushi chenye jina jipya, na `apt-get upgrade` haisakinishi kamwe kifurushi ambacho hakikuwepo. Inaandika "kept back" (kimezuiliwa), inatoka na sifuri (alama ya kufanikiwa), na skripti yako inakutumia ujumbe kwamba mambo ni shwari. Nimeziona seva zilizosasishwa kila usiku kwa miezi zikiwa na kerneli ile ile ya siku ya kwanza! Ongeza `--with-new-pkgs`. Kisha uiwashe upya mashine, maana kerneli iliyolala kwenye diski haimlindi mtu.

Tena, `apt-get update` inaweza kushindwa kufikia hifadhi ya vifurushi na bado ikatoka na sifuri, kwa hiyo ile `&&` yako, inayoendesha amri inayofuata pale tu ya kwanza ikifanikiwa, haizuii kitu. Ipe `-o APT::Update::Error-Mode=any`.

Yapo ambayo sijayatatua. `--force-confold`, chaguo la dpkg la kubakiza mafaili ya mipangilio ya zamani, inalinda mipangilio yangu, lakini inaniacha na faili la zamani hata pale toleo jipya linapohitaji mistari mipya. Na kuwasha upya usiku bila mtu? Seva ya wavuti, naiachia skripti. Yenye diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski) siwezi, kwani itasimama ikisubiri nywila mpaka mtu aamke aichape. Hiyo bado naiwasha kwa mkono, na siku ninazochelewa inaendesha kerneli ninayojua ina kasoro.