Fremu kudondoka: kwanini video inarukaruka kwenye brauza wakati intaneti iko vizuri

Video ya mtandaoni inasumbua kwa namna mbili tofauti kabisa, ila watu wengi zote wanasema tu "video inakwama" alafu moja kwa moja wanalaumu intaneti. Namna ya kwanza video inasimama yote, kiduara kinazunguka katikati ya skrini, sauti nayo kimya, unasubiri weee mpaka iendelee. Namna ya pili hakuna kiduara, sauti inaenda fresh mwanzo mwisho, ila picha ndo inarukaruka, mtu anakimbia unamwona yuko huku mara ghafla kashafika kule, kamera ikigeuka taratibu unaona inaenda kwa mishtuo. Hii ya pili ndo inaitwa fremu kudondoka, na mara nyingi sana haihusiani kabisa na bando lako, yani unaweza ukanunua kifurushi kikubwa kuliko vyote na bado ikaruka vilevile.

Video ni picha za mnato zinazopita haraka, na kila picha moja ndo fremu. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, video za kawaida 25 au 30, na mechi na magemu mara nyingi unakuta 60. Sasa piga hesabu, fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina kama milisekunde 16.7 tu, na ndani ya huo muda mdogo brauza inatakiwa iwe imechukua data iliyobanwa, imeifungua irudi kuwa picha, imepanga rangi, imeikabidhi kadi ya grafiki (sehemu ya kompyuta inayoshughulika na picha) na imeichora kwenye skrini. Kazi isipoisha kwa wakati fremu haisubiriwi. Sauti ndo inashika saa, picha inaifuata sauti, kwasababu sikio linanasa haraka sana sauti ikikatika hata kidogo, kwahiyo fremu iliyochelewa inatupwa na brauza inarukia inayofuata ili midomo na maneno visipishane. Ikitupwa moja kwa mbali hutaona kitu. Zikitupwa kumi mfululizo kwenye video ya fremu 60, hapo picha imesimama moja ya sita ya sekunde, na macho yanaona vizuri tu.

Kile kiduara ni habari nyingine. Video haiji yote kwa mkupuo, inakuja kwa vipande vya sekunde chache chache na brauza inatunza akiba ya vipande vya mbele kabla hujavifikia. Intaneti ikizidiwa akiba inaisha, hakuna cha kuonyesha, kila kitu kinasimama pamoja na sauti. Kwahiyo kipimo cha kwanza kabisa hakihitaji programu yoyote, funga macho usikilize. Sauti ikikata pamoja na picha, angalia mtandao. Sauti ikiwa inaenda bila shida na picha inaruka, tatizo liko kwenye kompyuta yako na kubadilisha mtandao hakutakusaidia.

Kama ni YouTube unaweza kuona namba kabisa na mimi naona kila mtu angeanzia hapa kabla hajagusa setingi yoyote. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya video, chagua "Stats for nerds", kinatokea kibox cheusi kimejaa maandishi. Usiogope, mistari unayohitaji ni michache. Kuna ule wa "Frames" unaosema mfano 214 dropped of 1830, yani katika fremu 1830 zilizopaswa kuonekana 214 zimetupwa, hiyo ni zaidi ya moja katika kila kumi na lazima utaona inaruka. Chini kuna "Buffer Health" ambayo ni ile akiba, imeandikwa kwa sekunde. Iangalie ikiwa inacheza. Ikikaa kwenye sekunde 20 au 30 huku fremu zinadondoka, basi intaneti haina kosa lolote. Ikishuka mpaka inagusa sifuri, hapo ndo mtandao wenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba fremu kadhaa hudondoka video inapoanza au ukibadili ukubwa wa skrini, hizo achana nazo, angalia kama namba inaendelea kupanda wakati video imetulia.

Sasa ukiwa umeiacha hiyo box wazi, shusha ubora wa video kutoka 1080p kwenda 720p (namba kubwa ni picha kali zaidi) na usibadili kitu kingine chochote. Namba ya dropped ikiganda palepale ujue kompyuta ilikuwa imezidiwa na kazi ya kufungua picha. Na sio ajabu, fremu moja ya 1080p ina pikseli, yani vidoti vya picha, kama milioni 2.07, ya 720p haifiki milioni moja, na ya 4K ni karibu milioni 8.3, alafu zidisha hiyo mara 60 kila sekunde. Ndo maana nasema watu waangalie na kale kanamba kanakofuata, 1080p60 ina fremu mara mbili ya 1080p ya kawaida na mashine inayocheza moja vizuri inaweza kushindwa nyingine.

Kitu kinachochanganya watu zaidi ni kodeki. Kodeki ndo utaratibu wa kubana video ili iwe nyepesi kusafiri na kuifungua upande wako. H.264 ni ya tangu 2003, karibu kila kifaa unachokijua kina sehemu maalum ndani ya chipu ya kuifungua. VP9 ilikuja 2013, AV1 2018. Hizi mpya zinabana zaidi, yani ubora uleule kwa data kidogo, ila kuzifungua ni kazi nzito zaidi. Kama chipu yako ina sehemu maalum ya hiyo kodeki, kazi inafanyika kimya kimya na umeme kidogo. Kama haina, kazi yote inahamia kwenye prosesa, feni inaanza kuvuma, laptop inachemka, na fremu zinaanza kudondoka. Kwa AV1, kadi za grafiki za kompyuta zilianza kuwa na sehemu hiyo kuanzia 2020 hivi, mfano Nvidia RTX za 30 na Intel kizazi cha 11, kwahiyo laptop ya 2016 hata kama ilikuwa ya bei mbaya enzi hizo haina. Hapa ndo inatokea ile hali ya mtu kusema mbona zamani video zilikuwa zinacheza poa na kompyuta ni ileile, ni kweli kompyuta ni ileile, ila kilichobadilika ni video inayotumwa kwake.

Rudi kwenye kile kibox cheusi utaona mstari wa "Codecs". Ukianza na avc1 hiyo ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Kama unaona av01 na mashine yako ni ya zamani, kuna ekstensheni, yani viprogramu vya kuongeza kwenye brauza, zinazoilazimisha YouTube ikupe H.264, na kwa kompyuta zilizochoka huo ndo msaada mkubwa kuliko mengine yote niliyoyajua. Gharama yake ni kwamba H.264 pale inaishia 1080p, hupati 4K, na utatumia data zaidi kwa ubora uleule, ila skrini ya laptop nyingi za zamani hata haifiki 4K kwahiyo kwa upande wa picha hupotezi kitu.

Ila kabla ya kusema mashine haiwezi, hakikisha brauza inaitumia hiyo sehemu ya chipu. Kwenye Chrome andika chrome://gpu pale juu kwenye anwani, tafuta mstari wa "Video Decode". Ukisema Hardware accelerated sawa, ukisema Software only ujue prosesa ndo inabeba zigo lote. Kwenye Firefox ni about:support, shuka mpaka sehemu ya Media. Na kama uko Windows fungua Task Manager, nenda Performance kisha GPU (ndo kadi ya grafiki) huku video inacheza, kuna grafu ndogo ya Video Decode, ikiwa imelala sifuri na prosesa iko asilimia 90 jibu unalo.

Setingi yenyewe kwenye Chrome iko Settings, System, "Use graphics acceleration when available". Ukiuliza mtandaoni nusu ya watu watakwambia iwashe na nusu watakwambia izime, na wote wana hoja. Kawaida inatakiwa iwe imewashwa, kuizima ni kuipa prosesa kazi isiyo yake. Lakini draiva ya kadi ya grafiki, yani programu inayoiendesha, ikiwa mbovu au ya zamani, njia ile ya chipu yenyewe ndo inaleta mishtuo, mistari ya kijani au skrini nyeusi, hapo ukizima video inatulia. Kwahiyo kuzima ni kipimo cha kujua kosa liko wapi. Zima, relaunch brauza, cheza video ileile sehemu ileile. Ikitulia, apdeti draiva kutoka kwa aliyetengeneza hiyo kadi alafu uwashe tena. Kuiacha imezimwa moja kwa moja ni kuchosha betri bure. Na usibadili vitu vitatu kwa pamoja tafadhali, video ikipona hutajua kilichoiponya ni kipi na ikirudi kuugua unaanza upya.

Mengine ni ya haraka. Bonyeza Shift na Esc kwenye Chrome, inafunguka orodha ya kila tabo na kila ekstensheni inakula kiasi gani, mara nyingi unakuta tabo moja uliyoisahau inakula prosesa nzima. Jaribu dirisha la incognito, huko ekstensheni nyingi haziwaki, video ikiwa laini huko basi mhusika ni ekstensheni mojawapo. Laptop ikiwa kwenye hali ya kubana betri inapunguza kasi kwa makusudi, ichomeke kwenye umeme uone. Na kama dakika kumi za mwanzo ni safi alafu ndo inaanza kuruka, hiyo ni joto, prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, safisha vumbi na usiiweke juu ya kitanda. Kufuta cache (mafaili ambayo brauza imeyatunza) ambako kila mtu anakushauri kwa mishtuo ya aina hii hakusaidii sana, na ukifuta na cookies utajikuta umetolewa kwenye akaunti zako zote bure.

Kuna hali moja inawatesa watu wenye mashine nzuri kabisa, dropped iko sifuri, akiba imejaa, na bado filamu inaonekana kuguguma hasa kamera ikipita taratibu juu ya mandhari. Hapo hakuna kilichodondoka. Filamu ni fremu 24, skrini nyingi zinajichora upya mara 60 kwa sekunde, na 60 ukigawa kwa 24 unapata mbili na nusu, sasa fremu haiwezi kuonyeshwa mara mbili na nusu, kwahiyo moja inakaa mara tatu inayofuata mara mbili, tatu, mbili, tatu, mbili, na jicho linahisi hiyo hatua isiyo sawa. Skrini ya 120 inaimaliza hiyo shida kwasababu 24 inaingia humo mara tano kamili. Kama umeunganisha skrini mbili zenye kasi tofauti, mfano moja 60 na nyingine 144, chomoa moja kwanza ujaribu, au ziweke kasi moja kwenye setingi za display, maana kuna mashine video inaruka kwenye hiyo moja tu kwa sababu ya nyingine.