Ahueni ya Mji: Maana Yake Halmashauri Inapoitamka

Mgonjwa aliyelala wiki mbili akiamka, akanywa uji na kuketi barazani, watu husema amepata ahueni. Hakuna anayesema amepona. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayesoma nyaraka ambazo halmashauri za miji ziliandika kuanzia katikati ya mwaka 2020, janga la Korona lilipoonekana kulegea. Ahueni ya mji ni kipindi kinachoanza amri za kufunga shughuli zinapolegezwa na kuendelea mpaka maduka, ajira na mapato ya halmashauri yenyewe yaweze kusimama bila kuegemezwa, pamoja na hatua zote zinazochukuliwa ndani ya kipindi hicho. Si msaada wa dharura, kama vile vikapu vya chakula vinavyopelekwa kwa wazee waliotakiwa kubaki ndani, wala si mpango wa maendeleo wa miaka 20. Iko katikati ya hayo mawili, na ndiyo maana wanasiasa huweza kuivuta upande wowote wanaoutaka.

Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, unaifafanua dhana hii vizuri kuliko miji mingi, kwa sababu ahueni yake ilikatizwa hata kabla haijaanza. Tarehe 29 Juni 2020, waziri wa afya Matt Hancock alitangaza bungeni kwamba maduka yasiyouza bidhaa za lazima yangefungwa tena mjini humo kuanzia siku iliyofuata, na kwamba ulegezaji wa tarehe 4 Julai, uliofungua migahawa, baa na vinyozi kwingineko, haungeihusu Leicester. Katika wiki moja mji ulikuwa na maambukizi 135 kwa kila watu 100,000, mara tatu ya mji ulioufuatia. Ulikuwa mji wa kwanza nchini humo kufungwa peke yake. Kinyozi aliyekwisha kutenganisha viti vyake na kupanga wateja wa Jumamosi hiyo ya tarehe 4 alilazimika kuwapigia simu mmoja mmoja kuwaomba radhi, huku wenzake wa Loughborough, mwendo wa nusu saa kwa gari, wakifungua milango. Maduka ya kawaida yaliruhusiwa tarehe 24 Julai, migahawa na vinyozi tarehe 3 Agosti.

Kisa hicho kilionyesha kwamba ahueni huhitaji taarifa kabla ya kuhitaji fedha. Meya wa jiji, Peter Soulsby, alilalamika hadharani kwamba kwa wiki nyingi halmashauri haikupewa matokeo kamili ya vipimo vilivyofanywa nje ya hospitali, hivyo haikuweza kujua maambukizi yako mtaa gani. Taarifa za kina zilipopatikana, wafanyakazi wa halmashauri na watu wa kujitolea walianza kubisha hodi mlango kwa mlango wakigawa vifaa vya kupimia. Kazi ya namna hiyo wizara iliyoko London haiwezi kuifanya vyema, kwani haijui ni nyumba ipi inakaliwa na familia tatu wala ni mtaa upi huzungumza Kigujarati.

Wala haijui kwamba katika maduka ya Belgrave Road, barabara ya mjini Leicester, wamo wazee wanaokijua Kiswahili. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ya wakati huo ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwataka wasihamie mjini humo. Walikuja kwa maelfu, wakaungana na wenzao waliotoka Kenya na Tanzania, na wengi wakafungua maduka ya sari, vito na vitamutamu yaliyoupa uhai mtaa uliokuwa ukidorora. Kwa hiyo, mwaka 2020 halmashauri ilipozungumzia kuokoa biashara ndogo, ilikuwa ikizungumzia pia watu ambao miaka 48 kabla ilikuwa imewaambia wasije.

Upande wa fedha unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo dhana hueleweka vibaya. Nchini Uingereza, mwenye duka hulipa kodi ya majengo ya biashara, inayokokotolewa kutokana na makadirio ya pango ambalo jengo lingeingiza kwa mwaka. Mwezi Machi 2020 serikali kuu iliamua kwamba maduka, migahawa na kumbi za burudani zisilipe kodi hiyo kwa mwaka mzima wa fedha, na ikazipa halmashauri ruzuku za kugawa: pauni 10,000 kwa biashara ndogo zilizostahili nafuu ya kodi, na pauni 25,000 kwa maduka na migahawa ambayo pango lake la makadirio lilizidi pauni 15,000 lakini halikufika 51,000. Fedha zilikuwa za serikali kuu, ila aliyepekua daftari la walipa kodi hiyo, akahakiki akaunti za benki na kujibu simu za waliokata tamaa alikuwa karani wa halmashauri.

Daftari hilo lilikuwa na tundu. Fundi aliyekodi kona katika duka la mwenzake na kuweka cherehani yake hapo hakuwa na jengo kwa jina lake, wala mwenye meza sokoni. Hivyo, kwa hesabu za ruzuku, hawakuwapo. Mwezi Mei uliongezwa mfuko mwingine, wa kiasi cha asilimia 5 ya ule wa kwanza, ambao halmashauri ziliruhusiwa kuugawa kwa hiari yao kwa watu wa aina hiyo. Kwa maoni yangu mfuko huo mdogo ndio ulioipima halmashauri, kwa kuwa ulihitaji kujua nani yuko wapi na anafanya nini, siyo kusoma orodha tu.

Yako pia mambo ambayo ahueni haipaswi kuyarudisha. Wakati wa kufungwa kwa Leicester, ripoti za karakana za kushona nguo zinazolipa pauni 3.50 kwa saa zilisambaa, ilhali kima cha chini kisheria kilikuwa pauni 8.72 kwa wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Mshonaji wa namna hiyo hawezi kubaki nyumbani akikohoa. Ajira yake ikihesabiwa miongoni mwa ajira zilizorejea, takwimu itapanda na ugonjwa utakuwa pale pale.

Mitaa nayo ilibadilishwa. Njia za muda za baiskeli zilitengwa barabarani, mojawapo ikiwasaidia wafanyakazi wa hospitali kufika kazini bila kubanana ndani ya basi, na sheria ya Julai 2020 iliruhusu migahawa kuweka meza kando ya barabara kwa ada isiyozidi pauni 100. Halmashauri ilikuwa na siku 7 za kupokea maoni na 7 za kuamua. Ikikaa kimya, kibali kilihesabika kuwa kimetolewa.

Halmashauri zenyewe pia zilikuwa wagonjwa, maana ada za maegesho na kumbi zilikauka. Serikali kuu ilikubali kufidia asilimia 75 ya mapato ya namna hiyo yaliyopotea, baada ya kila halmashauri kubeba yenyewe asilimia 5 ya kwanza ya bajeti ya mapato hayo.

Msamaha wa kodi kwa maduka ulipunguzwa jinsi tabibu apunguzavyo dozi: asilimia 100 hadi mwisho wa Juni 2021, kisha 66 hadi Machi 2022, kisha 50 kwa mwaka uliofuata, na kila Aprili mwenye duka alifungua bahasha ya halmashauri kuona safari hii ameachiwa kiasi gani.