Kutuza darasa kubwa bila pipi wala orodha ya wapiga kelele

Katika shule nyingi za msingi za Arusha na Moshi, mwalimu akitoka darasani kiranja anashika chaki. Anaandika juu ya ubao "WAPIGA KELELE", majina yanafuata, na mkaidi anaongezewa alama kila anapofungua mdomo. Mwalimu akirudi, dakika zake za kwanza zinawaendea hao.

Mimi naupinga utaratibu huu, wala si kwa sababu ya huruma. Unalipa kisichotakiwa. Katika chumba cha watoto 70, kuonwa na mwalimu ni kitu adimu, na aliyeandikwa ubaoni ameonwa. Aliyekaa kimya akimalizia hesabu zake hakuna aliyemtaja. Tena kiranja naye ni mtoto: anaweza kumwandika aliyegombana naye na kumfuta aliyempa ubuyu.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1968, huko Marekani, mtafiti Madsen na wenzake waliwataka walimu wa darasa la kwanza waongeze idadi ya mara wanazosema "kaa chini". Watoto wanaosimama ovyo hawakupungua, waliongezeka. Walimu walipohamia kuwasifu waliokaa na kufanya kazi, kusimama kukapungua. Mwaka huohuo Madsen, Becker na Thomas walionyesha kwamba kuwatajia watoto kanuni peke yake hakubadilishi mengi. Kilichobadilisha tabia ni kusifu jema huku mwalimu akiyapuuza makosa madogo.

Kwa hiyo kiranja abaki na kazi yake, ila aandike kitu kingine: mstari wa madawati uliokuwa wa kwanza kutoa madaftari na kuandika tarehe. Awe anaandika mistari tu, asiandike jina la mtu.

Kanuni tatu zinatosha, nazo ziseme la kufanya: nyosha mkono kabla ya kusema; mikono na miguu yako ikae kwako; maliza kazi ukiwa kwenye dawati lako. Zifundishe Januari kama unavyofundisha herufi, yaani onyesha, waige, rudia. "Muwe na nidhamu" si kanuni, kwa kuwa mtoto wa miaka 7 hajui mwili wake ufanye nini akiambiwa hivyo.

Ishara ya kunyamaza isitegemee sauti. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikipiga bati hakuna mwalimu anayesikika dawati la nne. Inua mkono wenye vidole vitano, ukunje kimoja kimoja, na kila anayekuona ainue wake na kufunga mdomo. Wanaonyamaza wanawanyamazisha wa nyuma. Kinachoiharibu ni mwalimu kuanza kusema wakati kumi bado wanaongea. Akifanya hivyo mara chache tu, ishara imekufa.

Sasa tuzo. Tafuta kopo la bati la maziwa ya unga na vizibo vya soda, ambavyo muuza duka yeyote atakupa bure. Vioshe, na vile vyenye kingo zilizochanika vitupe. Mstari wa madawati au darasa zima likifanya ulichokitaka, dondosha kizibo na useme sababu papo hapo: "Mstari wa dirishani, mmefungua ukurasa wa 14 bila kuambiwa mara ya pili." Kizibo bila sababu ni kelele tu, na "vizuri sana" inayorushwa kwa kila mtu haimfundishi yeyote amefanya nini. Mvua ikinyesha, kinyanyue kizibo juu wakione kabla ya kukidondosha.

Vizibo vikifika lengo ulilotangaza, darasa linapata zawadi. Hesabu yake ni hii. Ukiwa na vipindi vinne kwa siku na kudondosha vizibo vitatu kila kipindi, unapata 12 kwa siku, 60 kwa wiki. Wiki ya kwanza weka lengo la 20, ili walifikie siku ya pili wakiwa bado wanaamini mchezo. Kisha 30, kisha 50, ambalo litaangukia Ijumaa. Mwalimu anayeanza na 200 huwa amelizika kopo Jumatano, kwa sababu watoto wa umri huu hawasubiri mwezi.

Kizibo kilichoingia hakitoki. Hapa ndipo walimu wengi wanapokosea: darasa likichafuka wanachomoa vitano kwa hasira. Kuanzia hapo kopo limekuwa fimbo ya aina nyingine, na waliovichuma vizibo hivyo wamejifunza kwamba juhudi yao inaweza kufutwa na utundu wa mwingine.

Zawadi yenyewe iwe shughuli. Pipi za shilingi 50 kwa watoto 70 ni shilingi 3,500 kila mara. Mara mbili kwa wiki ni 28,000 kwa wiki nne, na siku mfuko ukikauka utaratibu unakufa nao. Acha hayo ya meno. Dakika 10 za rede au kombolela Ijumaa hazina gharama. Hadithi inayosomwa kwa sauti, kutangulia kwenye foleni ya uji, kugonga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele, hizo zinatafutwa kuliko unavyodhani. Waulize wenyewe wapige kura kati ya tatu.

Usitoe kizibo kwa kitu wanachokipenda tayari. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliopenda kuchora; baadaye, cheti kisipokuwepo, watoto hao walichora kidogo kuliko wasioahidiwa chochote. Mtoto anayejipelekea mwenyewe kwenye kona ya vitabu muache asome.

Kupuuza nako kuna mpaka. Puuza kugonga penseli, kunong'ona, na ule wito wa "Ticha! Ticha!" wa asiyenyosha mkono, msifu jirani yake aliyenyosha. Siku za mwanzo wito huenda ukazidi, kwa sababu mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa inafanya kazi. Mwalimu akisalimu amri siku ya tatu, amemfundisha kupiga kelele kwa muda mrefu zaidi. Kupiga, kuonea, matusi na kutoka nje bila ruhusa havipuuzwi kamwe: msimamishe, mtoe pembeni, mwambie kwa sauti ya chini.

Kuhusu fimbo, kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 1979 zilizorekebishwa 2002, zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila tukio liandikwe. Kofi, konzi na kupigwa rula vidoleni havimo. Kiufundi, fimbo inanyamazisha dakika chache na haimwambii mtoto afanye nini badala yake.

Yupo atakayeharibu makusudi ili mstari wake ukose. Usiuadhibu mstari, mfanye yeye awe kundi lake peke yake, mwenye lengo dogo. Mbandikie kwenye daftari kadi ya visanduku vitatu kwa siku, kimoja hadi mapumziko, kimoja hadi chakula cha mchana, kimoja hadi kengele ya mwisho. Tia vema, au kiache wazi. Usiweke mkasi, yaani alama ya X, kwa sababu kadi inakwenda nyumbani, na baadhi ya wazazi mkasi kwao maana yake ni kipigo. Mkalishe palipo kwenye njia yako unapozunguka, asiwe nyuma kabisa, na wewe uzunguke kweli. Mwalimu aliyefungwa ubaoni kama mbuzi kwenye kigingi hana darasa zaidi ya dawati la pili.

Kabla ya kumwita mtukutu, chunguza: anaona ubao? Amekula? Vijiji vya Monduli na Longido vina watoto wanaoingia Darasa la Kwanza wakiongea Kimaasai tu. "Toa daftari la hisabati" akiipokea kwa kutazama dari, huenda hajaielewa. Nyanyua daftari lenyewe aone, kisha dondosha kizibo akilitoa.

Kopo halikai mezani milele. Darasa likifikia 50 kwa wiki tatu mfululizo, dondosha kwa vipindi viwili tu kati ya vinne bila kuwaambia ni vipindi gani, halafu kimoja, ukibaki na sifa zilezile. Baada ya likizo ya Juni warudishie kopo wiki moja na lengo la 20, maana wengi watakuwa wamesahau hata ishara ya vidole.