Si kila damu ya haja kubwa ni bawasiri

Wagonjwa wengi wa saratani ya njia ya haja kubwa hufika kwangu wakiwa tayari na jina la ugonjwa wao: bawasiri. Wamepewa na jirani, na muuza dawa, pengine hata na mhudumu wa afya ambaye hakuwaangalia. Wamepaka mafuta, wamekalia maji ya moto, wamekunywa unga wa mizizi, na miezi imepita. Siwalaumu. Bawasiri ni nyingi mno kuliko saratani hii, na dalili zinafanana: damu nyekundu, mwasho, kinyama kinachojitokeza, maumivu wakati wa kujisaidia. Ninachokipinga ni kutibu sehemu ambayo hakuna aliyeitazama.

Sehemu yenyewe ni fupi. Kutoka mwisho wa utumbo mpana hadi ngozi ya nje ni kama sentimita 3 hadi 4 tu. Imezungushiwa misuli miwili ya duara: wa ndani hujibana wenyewe mchana na usiku, wa nje unaubana wewe ukiwa kwenye daladala na choo kiko mbali. Katikati ya sentimita hizo upo mstari wenye umbo la meno ya msumeno, na mimi huwafundisha wanafunzi wangu kuanzia hapo, kwa sababu ukiuelewa mstari huo umeuelewa ugonjwa.

Juu ya mstari, ukuta umefunikwa na utando kama wa utumbo, na hauhisi maumivu makali. Chini yake kuna seli bapa, ndugu wa seli za ngozi, zenye hisi kali. Ndiyo maana bawasiri ya ndani inaweza kutoa damu nyingi bila kuuma, ilhali mchaniko mdogo wa chini humtoa mtu mzima machozi. Majimaji ya limfu, yanayoweza kubeba seli za saratani hadi kwenye tezi, nayo hugawana njia: ya juu huelekea zaidi kwenye tezi za ndani ya nyonga, ya chini huelekea kwenye kinena. Kwa hiyo mtu akinijia na mtoki mgumu usioisha, na mguuni hana kidonda wala jipu, siwezi kumruhusu aende kabla sijakagua njia ya haja kubwa. Mtoki huo unaweza kuwa ndiyo dalili pekee aliyoiona.

Pale kwenye mstari aina moja ya seli hugeuka kuwa nyingine, kama inavyotokea kwenye mlango wa kizazi. Virusi vya HPV hupenda maeneo ya namna hiyo. Takriban saratani 9 kati ya 10 za sehemu hii hutokana na virusi hivyo, hasa aina ya 16. Hapa nasema wazi, maana aibu inaua: HPV huambukizwa kwa kugusana ngozi na ngozi wakati wa kujamiiana, na huweza kufika huku bila mtu kuingiliwa kinyume na maumbile. Ugonjwa huu hauwi ushahidi wa jambo lolote kuhusu mwenendo wa mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya mlango wa kizazi au ya uke yuko kwenye hatari zaidi, vilevile mvutaji sigara, aliyepandikizwa kiungo, na anayeishi na VVU hata kama anameza ARV zake vizuri. Chanjo ya HPV wanayopewa mabinti nchini Tanzania tangu 2018 inawakinga na saratani hii pia.

Kipimo cha kwanza ni kidole. Unalalia ubavu wa kushoto, magoti unayavuta kifuani, daktari anavaa glavu na kupaka jeli. Huchukua dakika chache. Bawasiri ya ndani ni laini, mara nyingi kidole hakiihisi kabisa. Saratani huwa ngumu, kingo zake zimeinuka, na ikikua hushikamana na misuli, haisogei ukiisukuma. Kisha tunaingiza kifaa kifupi chenye taa, tunakata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Bila jibu la maabara hatuanzi tiba.

Zamani tiba ilikuwa kukata sehemu yote na kumwekea mgonjwa mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Mwaka 1974 daktari mpasuaji Norman Nigro wa Detroit, Marekani, aliripoti wagonjwa 3 aliowapa mionzi pamoja na dawa za saratani kabla ya upasuaji. Wawili walipopasuliwa, uvimbe haukuonekana tena. Wa tatu alikataa kisu, naye akabaki salama. Tangu hapo mionzi na dawa kwa pamoja ndiyo tiba kuu kwa wengi ambao ugonjwa haujasambaa mbali, na misuli ya kubana hubaki.

Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hadi 6. Ngozi ya kinena huungua, kuhara huja, kukaa huwa tabu. Mwambie muuguzi mapema, dawa zipo. Uvimbe hauyeyuki siku ya mwisho ya mionzi. Unaweza kuendelea kunywea hadi wiki ya 26, na katika muda huo tunakukagua kwa kidole na macho bila kukimbilia kisu. Ukigoma kuisha, au ukirudi, upasuaji wa mfuko bado upo, na wapo wanaopona kwa huo.